Merikebu ya Matembezi na Bustani ya Michezo

Kila mwaka, siku za mapumziko ya shule zinapokaribia, wazazi wengi wa Marekani, na pamoja nao aila za watu wa mwambao wetu waliohamia huko kwa kazi au kwa masomo, hukaa kitako kushauriana juu ya jambo moja: wawapeleke watoto baharini katika merikebu ya matembezi itakayowazungusha visiwa vya Karibi kwa muda wa juma zima, au wawapeleke Orlando, katika jimbo la Florida, kwenye bustani za michezo zenye makasri ya hadithi na vigari vya reli viteremkavyo kwa kasi ya kutoa roho? Nasaha wanazopewa aghalabu ni za hesabu: nauli ni kiasi gani, chakula kimo katika bei au hakimo, ni nani miongoni mwao hushikwa na kigegezi akiona mawimbi, na ni nani asiyeweza kusimama juani saa nzima akingoja zamu yake. Nasaha hizo ni njema, wala sina nia ya kuzibeza. Ila zimejengwa juu ya dhana kwamba tafrija hizi mbili ni za nasaba mbalimbali, moja ya majini na moja ya nchi kavu. Taarikhi inashuhudia kinyume cha hayo. Merikebu ya matembezi na bustani ya michezo zilizaliwa na dhiki moja, dhiki ya tajiri mwenye chombo cha kuchukulia watu ambacho, kwa majira ya mwaka au kwa siku ya juma, kilikosa abiria.

Si kwamba watu wa kale hawakupata kusafiri kwa kujifurahisha. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kuchukua barua za serikali, ilianza kutangaza ziara za bandari za Mediterania, ikampa mwandishi William Makepeace Thackeray nafasi ya bure, naye mwaka 1846 akachapisha kitabu juu ya safari yake ya kutoka London mpaka Kairo; kwa hiyo ile hila ya kumsafirisha mwandishi bila malipo ili asifu alichokiona, ambayo wengi hudhani ni uzushi wa zama zetu, ni kongwe sawa na biashara yenyewe. Mwezi wa Juni 1867 merikebu Quaker City iling'oa nanga New York kwa ziara ya miezi mitano hivi mpaka Nchi Takatifu, nauli dola 1,250 kwa kila mtu, na miongoni mwa abiria alikuwamo kijana Mark Twain, aliyelipiwa na gazeti moja la California, akarudi na kitabu cha kuwadhihaki wenziwe wa safari kilichomletea umaarufu kuliko vyote alivyokuwa ameandika kabla yake. Lakini ziara hizo zilikuwa za nadra, na aliyezigeuza kuwa tijara ya kudumu alikuwa Albert Ballin wa Hamburg.

Ballin alikuwa katika uongozi wa kampuni ya merikebu ya HAPAG, ambayo pato lake lilitoka kwa maelfu ya wahamiaji wa Ulaya waliokimbilia New York kutafuta maisha. Wahamiaji walikuwa wengi wakati wa kiangazi. Ilipoingia baridi na Atlantiki ikachafuka, merikebu kubwa zilifungwa bandarini, na merikebu iliyofungwa bandarini hailali bure, kwa kuwa mabaharia wanadai mishahara, mabenki yanadai riba, na kutu haina likizo. Ballin akaona ni heri Augusta Victoria, moja ya merikebu bora za kampuni, ikachukue watu wenye uwezo kwenda kuota jua la kusini kuliko kuozea gatini. Wenziwe walimcheka, wakauliza ni nani mwenye akili atakayetoa fedha nyingi apande chombo katikati ya baridi kisha arudi pale pale alipotoka. Tarehe 22 Januari 1891 merikebu ikaondoka Cuxhaven na abiria 241, Ballin mwenyewe akiwamo, ikazizuru bandari za Mediterania kwa muda wa karibu miezi miwili, na waliocheka wakanyamaza. Mwaka 1900 kampuni ikashusha majini Prinzessin Victoria Luise, merikebu ya kwanza iliyoundwa kwa matembezi peke yake, isiyo na nafasi ya mhamiaji wala shehena. Nayo haikuishi sana, maana mwezi wa Desemba 1906 ilipanda mwamba huko Jamaika, abiria wakaokoka wote, nahodha akajiua kwa bastola chumbani mwake. Ballin naye aliiona kazi ya umri wake ikiangamizwa na Vita Vikuu vya kwanza, akafa kwa kumeza dawa za usingizi tarehe 9 Novemba 1918, siku ile ile Kaizari wake alipovuliwa taji.

Sasa tugeukie nchi kavu. Bustani za tafrija za Ulaya asili yake ni matembezi ya jioni. Vauxhall ya London, iliyodumu tangu karne ya 17 hata ikafungwa mwaka 1859, ilikuwa mahali pa muziki, taa na vichochoro vya miti, na kwa miaka mingi watu walivuka Mto Thames kwa mashua kuiendea. Georg Carstensen, Mdenmarki, alitaka mji wake wa Copenhagen uwe na bustani ya namna hiyo, akamwendea Mfalme Christian wa Nane kuomba ardhi ya ngome nje ya kuta za mji; inasimuliwa kwamba hoja iliyomlainisha mfalme ni kuwa watu wakiwa katika furaha hawashughuliki na siasa. Tivoli ikafunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Kama hoja ile ilinenwa kweli au ilibuniwa na wasimulizi, si haba kwa kuonyesha jinsi watawala walivyoielewa tafrija. Na tukumbuke kuwa mfalme huyo alikufa mapema mwaka 1848, na miezi michache baadaye watu wa Copenhagen waliandamana kudai katiba, Tivoli ikiwa imekwisha kuwapo miaka minne na ushei.

Marekani ndiko ilikotokea dhiki ile ile ya Ballin. Mwishoni mwa karne ya 19 miji yake ilijaa tramu za umeme. Kampuni ya tramu ililipa umeme kwa mkataba wa mwezi, magari yakijaa au yasijae. Na siku sita za juma yalijaa wafanyakazi, bali Jumapili yalipita matupu. Wenye tramu wakanunua mashamba mwisho wa reli, wakachimba maziwa, wakajenga kumbi za dansa na pembea za mashine, ili mfanyakazi aliyebebwa juma zima kwa ulazima abebwe na Jumapili kwa hiari, yeye na mkewe na watoto wake, kwenda na kurudi. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianzishwa hivyo mwaka 1898, na hata leo inafanya kazi, ingawa tramu iliyoizaa imekwisha kusahauliwa. Mamia ya bustani kama hiyo yakaota kila upande wa nchi.

Michezo yenyewe ilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni Coney Island, ufuko wa New York, ambako mwaka 1884 LaMarcus Thompson aliweka reli ya mbao yenye mabonde, akawateremsha watu kwa senti 5, na ambako baadaye zilikuja bustani tatu zilizozungushiwa ua: Steeplechase ya mwaka 1897, Luna Park ya 1903 na Dreamland ya 1904. Mwenye Steeplechase, George Tilyou, bustani yake ilipoteketea mwaka 1907, alibandika tangazo langoni akawatoza watu senti 10 kuingia kutazama majivu. Na sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kuieleza roho ya biashara hii. Sehemu ya pili ni Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, alikosimamisha mhandisi George Ferris gurudumu lake la chuma lenye kimo cha futi 264 na mabehewa 36, kila behewa likichukua watu 60: ndugu mkubwa mno wa zile pembea ambazo watoto wa Unguja huzipanda Mnazi Mmoja siku za Idi. Miongoni mwa maseremala waliojenga majumba ya maonyesho yale alikuwamo mtu mmoja jina lake Elias Disney, ambaye miaka minane baadaye alizaa mtoto aliyeitwa Walter.

Kabla ya kumfikia mtoto huyo sina budi kusimama, kwa sababu wasimulizi wengi wa taarikhi hii hupita mahali hapa wamefumba macho. Kuchagua tafrija ni haki ya mtu aliyefunguliwa mlango, na bustani nyingi za Marekani zilimfungia Mmarekani mweusi mlango huo, pengine zikimruhusu siku moja tu katika mwaka. Glen Echo, bustani iliyo nje kidogo ya Washington, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya kampuni ya tramu, iliwapokea wazungu peke yao; tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia wakaketi juu ya farasi wa mbao wa kuzunguka, wakakataa kushuka, wakatiwa mbaroni; wanafunzi na majirani wa bustani, weusi kwa wazungu, wakasimama nje ya lango kiangazi kizima wakipinga, na mwaka uliofuata lango likafunguliwa kwa wote. Martin Luther King, alipoandika waraka wake katika jela ya Birmingham mwaka 1963, miongoni mwa dhuluma zote alizoweza kuzitaja hakuiacha ile ya baba anayeshikwa na kigugumizi akimweleza bintiye wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda bustani ya Funtown aliyoiona ikitangazwa katika televisheni. Kwa babu za wengi wa Wamarekani weusi wanaojaza foleni za Orlando leo, suala la merikebu au bustani halikupata kuulizwa.

Walter Disney, aliyeitwa Walt, alikuwa mtengeneza sinema. Alizoea kuwapeleka binti zake wawili katika bustani ya Griffith, Los Angeles, wao wakipanda farasi wa kuzunguka na yeye akibaki kwenye benchi la pembeni hana la kufanya, akawaza mahali ambapo mzazi na mtoto watacheza pamoja. Mwaka 1951 alizuru Tivoli akavutiwa na unadhifu wake. Alikopa, akaweka rehani alichoweza, akaingia ubia na kampuni ya televisheni ya ABC, akanunua ekari 160 za mashamba ya michungwa huko Anaheim kando ya barabara mpya ya magari, na tarehe 17 Julai 1955 akafungua Disneyland baada ya ujenzi wa mwaka mmoja uliogharimu dola milioni 17. Siku ya kwanza ilikuwa balaa: tikiti za bandia zilijaza watu kupita kiasi, lami iliyokuwa haijakauka ikanasa visigino vya viatu vya wanawake, na kwa ajili ya mgomo wa mafundi bomba mabomba ya maji ya kunywa hayakutoa tone. Haikudhuru kitu, watu walizidi kuja.

Jambo jipya alilolileta Disney, kwa rai yangu, halikuwa yule panya wake mashuhuri. Jambo jipya lilikuwa boma la udongo alilolizungushia bustani yote, akapitisha juu yake gari la moshi, ili aliyemo ndani asiione dunia ya nje, wala nguzo za umeme, wala nyumba za watu. Na lango moja tu la kuingilia na kutokea. Mtu akiwa mle, kila anachokula, anachokanyaga na anachosikia kimepangwa na tajiri mmoja. Kwa maneno mengine, alijenga merikebu juu ya nchi kavu. Kilichomchoma roho ni kwamba nje ya boma, hoteli za watu wengine zilivuna fedha za wageni wake. Basi alipotaka kujenga ya pili alituma mawakala Florida, wakanunua ardhi kwa majina ya kampuni za kificho, nyingi yake kwa chini ya dola 200 kwa ekari, hata gazeti la Orlando lilipoifichua siri hiyo mwaka 1965 walikuwa wamekwisha pata ekari zaidi ya 27,000, eneo la kilomita za mraba 110 hivi. Walt alifariki Desemba 1966. Nduguye Roy akaifungua Walt Disney World tarehe 1 Oktoba 1971, naye akafariki kabla mwaka kwisha.

Wakati huo baharini kulikuwa na msiba. Mwezi wa Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha watu Atlantiki kwa saa chache, na katika muda wa miaka kumi merikebu kubwa za abiria zikawa yatima. Queen Mary ilistaafishwa mwaka 1967 ikafungwa Long Beach, California, kuwa hoteli. Fahari ya Wafaransa, merikebu France, iliuzwa, ikabadilishwa jina kuwa Norway, na kuanzia 1980 ikawa ya matembezi katika Karibi. Wazee wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam nao wana habari ya msiba huo, maana merikebu mbili za kampuni ya British India, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, zilizokuwa zikija kwao kutoka London kwa njia ya Suez, zilikosa abiria vivyo hivyo. Kenya ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ilipata bahati: ilipelekwa Hamburg ikatiwa vyumba vya kusomea na mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900, ikawa shule ya kuelea iliyowazungusha watoto wa Uingereza katika Mediterania na Skandinavia, mpaka mwaka 1982 walipokuwa safarini wakashushwa Napoli ili chombo kigeuzwe hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland. Ilimalizikia Taiwani mwaka 1986.

Biashara ya leo ya Karibi nayo ilianza na chombo kisicho na kazi. Sunward iliundwa Norwei mwaka 1966 kuwa kivuko cha watu na magari kati ya Uingereza na Gibraltar. Jenerali Franco wa Hispania akaibana Gibraltar, na mwenye merikebu, Knut Kloster, akabaki na chombo bila abiria. Miami alikuwako Ted Arison, aliyekuwa na abiria waliokwisha kata tiketi lakini hana chombo. Wakapatana kwa simu, na mwezi wa Desemba 1966 Sunward ikaanza safari za kwenda Nassau. Kwa nini Nassau? Kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaikataza merikebu ya bendera ya kigeni kuchukua abiria kati ya bandari mbili za Marekani, hata leo. Na kwa kuwa karibu merikebu zote hizi hupeperusha bendera za nchi nyingine, kama vile Bahama na Panama, ili kuepa kodi na masharti ya kazi ya Marekani, hazina budi kugusa nchi ya ng'ambo. Unafuu wa nauli umesimama kwa sehemu juu ya ujira wa mtumishi wa Kifilipino au wa Kiindonesia atandikaye kitanda chako, jambo ambalo mpigaji hesabu mwema hatalisahau katika hesabu yake.

Washirika hao walikosana, na Arison akaanzisha Carnival kwa merikebu kuukuu aliyoiita Mardi Gras, ambayo katika safari yake ya kwanza, Machi 1972, ilikwama mchangani mbele ya macho ya watu wa Miami. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kuipamba kama za wenziwe, aliuza furaha badala ya fahari: muziki, kamari, michezo ya bwawani, kelele usiku kucha. Watu wa kawaida, walioona haya kupanda merikebu za mabwana wenye suti za jioni, wakapanda.

Hatua za mwisho zilikuwa rahisi. Bandari ya Canaveral i mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka Orlando. Mwaka 1985 kampuni ya Premier, yenye merikebu nyekundu, iliingia mkataba na kampuni ya Disney ikauza juma lililogawanywa, siku kadha baharini na siku kadha bustanini. Mkataba ulipokwisha, kampuni ya Disney ikaunda zake yenyewe, na Disney Magic ikaanza safari Julai 1998, ikiwachukua wageni mpaka kisiwa cha Bahama ilichokikodi kwa muda mrefu. Upande wa pili, merikebu Oasis of the Seas ya mwaka 2009 ilitiwa farasi wa kuzunguka na bustani ya miti hai katikati ya sitaha zake, na Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina nafasi ya abiria wapatao 7,600 na mitelezo sita ya maji. Bustani ilianza kwa kuiga merikebu, na merikebu imemaliza kwa kuimeza bustani.

Basi mzazi anayeulizwa achague, ajue kwamba kilichobaki cha kuchagua ni kidogo kuliko anavyoambiwa. Mwenye wazee na watoto wachanga katika msafara mmoja, na apande merikebu, kwa kuwa chumba hakiko mbali na mchezo na hakuna atakayebebwa mgongoni. Mwenye watoto wa miaka kumi na zaidi wasiotulia, na aende bustanini, wakachoke. Afanye lolote katika hayo mwezi ambao shule zimefunguliwa, iwapo kazi yake na masomo ya watoto yanamruhusu, maana huo ndio wakati wa viti vitupu, na wakati wa viti vitupu tajiri hushusha bei leo kama Ballin na wenye tramu walivyolazimika kubuni jana. Na nikiulizwa mimi, nisingechagua Karibi wala Orlando. Ningekwenda Bakken, katika msitu wa kulungu kaskazini mwa Copenhagen, bustani kongwe kuliko zote zinazofanya kazi duniani, iliyoanza kwa watu kufuata chemchemi ya maji mwaka 1583: langoni hakuna kiingilio, na mtu hulipia mchezo auchezao tu.